Kabla Hamjakodi Daladala: Kumtumikia Jirani Wakati wa Majilio

Kila mwaka padre au mchungaji anapovaa zambarau, swali linalotoka kwa wasomaji ni lile lile, maneno tu ndiyo hubadilika: jumuiya yetu imechanga kidogo, twende kituo gani cha watoto yatima, na tubebe nini? Wanaouliza ni watu wema, na mara nyingi fedha imeshakusanywa na dereva wa daladala ameshaulizwa bei. Jibu langu huwakera baadhi yao. Msianzie kituoni. Anzeni na kaya moja iliyo ndani ya mipaka ya jumuiya yenu au mtaa wenu wa usharika, iendeeni wiki zote za Majilio, na Januari ikiingia muwe bado mnaujua mlango wake. Ni kazi isiyo na picha nzuri, na wengi huiona ndogo mpaka waijaribu.

## Kwa nini wiki zote

Majilio huanza Jumapili iliyo karibu zaidi na Novemba 30, na huwa na siku 22 hadi 28, kutegemea Krismasi imeangukia siku gani ya wiki. Anayeibana huduma yake yote ndani ya Jumamosi moja ya katikati ya Desemba ameacha zaidi ya siku 20 zipite bure. Masomo yenyewe hayamwelekezi huko. Katika Mwaka C, Dominika ya nne humleta Maria akipanda nchi ya milima kwenda kwa Elizabeti, naye Luka anasema alikaa huko kama miezi mitatu. Hataji zawadi hata moja aliyobeba. Tunachojua ni kwamba mwenyeji alikuwa mwanamke mtu mzima mwenye mimba ya mwezi wa sita, na mume wake ndani ya nyumba hiyo hiyo alikuwa amepoteza sauti. Aliyewahi kuishi na mjamzito wa umri huo hahitaji mhubiri wa kumweleza mgeni alikuwa na kazi gani.

Au chukueni lile taji la mishumaa minne linalowashwa siku hizi katika makanisa mengi, ya Kilutheri na ya Kikatoliki. Mwanzilishi wake anayejulikana ni Johann Hinrich Wichern, mwanateolojia wa Kilutheri aliyefungua makao ya watoto maskini karibu na Hamburg, Ujerumani, mwaka 1833. Watoto walikuwa hawaachi kuuliza Krismasi ni lini, naye mwaka 1839 akatengeneza gurudumu la mbao lenye mishumaa midogo ya siku za kawaida na mikubwa ya Jumapili, ili wahesabu wenyewe. Gurudumu la kuhesabia siku lingemfaa nini mtu aliyekuja siku moja na kuondoka? Lilitengenezwa na mtu aliyekuwa na watoto wale kila jioni.

Wapo watakaosema Majilio ni kipindi cha sala na toba, shughuli zisubiri. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa Desemba yetu ina pilika za kutosha. Lakini Papa Leo Mkuu, katika karne ya tano, alipowahubiria Warumi kuhusu mfungo wa mwezi wa Desemba, alirudia tena na tena kwamba kilichopungua mezani kwa mfungaji kinapaswa kumfikia mhitaji. Isaya naye, katika sura ya 58, haoni faida ya mfungo wa mtu anayewabana wafanyakazi wake. Toba isiyomfikia mtu yeyote nje ya nafsi ya mtubuji ni jambo ambalo manabii hawakulijua.

## Kituo cha watoto, na Desemba yake

Tuseme wazi kinachotokea. Wageni wanafika saa tano wakiwa na fulana zilizochapishwa jina la kikundi. Watoto wanapangwa mistari, wanaimba nyimbo mbili, mwenyekiti anasoma risala, mfuko wa sembe na maboksi ya sabuni yanawekwa mbele, picha zinapigwa, watoto wanapewa soda na biskuti, na saa nane daladala inaondoka. Jumamosi inayofuata linakuja kundi jingine, na watoto wanaimba nyimbo zile zile. Stoo inajaa sabuni na sukari kuelekea Krismasi, kisha Februari na Machi mlezi anakopa maharage dukani. Na wengi wa watoto wanaoitwa yatima wana mzazi mmoja au bibi aliye hai, aliyewapeleka pale kwa kushindwa kuwalisha.

Hilo la mwisho ndilo linalonifanya nisisitize kaya. Bibi anayelea wajukuu wanne kwa kuuza karanga akisaidiwa sasa, wajukuu hawatafika kituoni. Fedha ile ile iliyokodi daladala ingenunua gunia la mahindi.

Mtaniuliza: basi walioko vituoni waachwe? Hapana. Kama mmeshaahidi, nendeni, ila kwa utaratibu huu:

- Mpigie msimamizi kwanza, umuulize ni nini kinapungua na ni mwezi gani kinapungua. Mara nyingi atataja bili ya umeme, nauli za kliniki au mshahara wa mpishi, vitu ambavyo hakuna mgeni anayebeba kwenye kiroba.
- Hakikisha kituo kina leseni na kinajulikana kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri.
- Gaweni mchango wenu mara tatu: Desemba, Februari, Aprili.
- Acheni kamera. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inalinda faragha na heshima ya mtoto, na tangu 2023 tuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sura ya mtoto kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya itabaki kwenye simu za watu 80 akiwa ameshakuwa mtu mzima.
- Usimwahidi mtoto kwamba utarudi kama hujui utarudi lini.

## Kumpata wa kumtumikia

Wahitaji wanaojitokeza wenyewe ni wachache, na si lazima wawe ndio wenye shida zaidi. Kanisa la kwanza lilijikwaa hapa hapa: kitabu cha Matendo, sura ya 6, kinaeleza jinsi wajane waliosema Kiyunani walivyorukwa katika mgawo wa kila siku, mpaka wakachaguliwa watu saba wa kusimamia. Kitabu hakisemi kwamba walirukwa kwa chuki. Huenda waliogawa hawakuwa wakiwafahamu. Jumuiya zetu hurudia kosa hilo kwa kuwapa wanaohudhuria, wakati anayehitaji zaidi ndiye aliyeacha kuhudhuria.

Kwa hiyo wiki ya kwanza isiwe ya kutoa kitu. Iwe ya kuuliza. Kuna watu wanaoingia ndani ya nyumba ambazo ninyi mnazipita: anayewapelekea wagonjwa Komunyo, mwinjilisti wa mtaa, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, balozi wa nyumba kumi, mwenye duka anayekopesha. Waulizeni nani hajaonekana. Mwenye duka hasa anajua nani aliyeacha kununua mafuta ya kupikia ya kupima na sasa ananunua chumvi tu. Msimtake ataje madeni ya watu. Muulizeni tu mlango upi ubishwe.

Mkishapata jina, waende watu wawili, wasizidi. Kundi la watu kumi linaloingia kwenye chumba kimoja cha kupanga linamfanya mwenyeji ahangaike kutafuta viti na chai. Na swali la kwanza lisiwe «una shida gani?», maana mtu mwenye heshima zake atajibu kwamba hana shida, Mungu anasaidia, na mtatoka na jibu hilo. Ulizeni siku yake inakwendaje: anaamka saa ngapi, nani anachota maji, dawa anafuata wapi, usiku analala na nani. Shida itajitaja yenyewe kwenye ratiba.

## Nusu siku ya Jumapili

Katika ratiba hizo, kuna mtu mmoja ambaye jumuiya nyingi humsahau: anayeuguza. Mgonjwa hutembelewa, huombewa, huletewa machungwa. Mwanamke anayemuuguza mama mkwe aliyepooza kwa kiharusi huambiwa tu, «pole, Mungu atakulipa». Tazama siku yake. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anatakiwa ageuzwe kila baada ya saa mbili au karibu na hapo, usiku na mchana, la sivyo anatoka vidonda vya mgandamizo kiunoni na visiginoni. Kuna uji, kuna kubadilisha pampasi za watu wazima ambazo bei yake inamfanya azibane mpaka mbili kwa siku, kuna shuka za kufua. Mtu wa namna hii anaweza kumaliza Majilio yote bila kukanyaga kanisani, huku jirani wakisema amepoa kiimani.

Huduma kubwa kuliko zote ambayo jumuiya inaweza kutoa mwezi huu, kwa maoni yangu, ni kumkalia mgonjwa huyo Jumapili nne mfululizo ili anayemuuguza aende ibadani, arudi kupitia sokoni, na akitaka apite saluni pia. Haigharimu chochote isipokuwa watu wanaofika kwa wakati. Lakini ifanyeni kwa akili:

1. Watakaokaa zamu wawe wawili kila mara, na angalau mmoja awe wa jinsia ya mgonjwa.
2. Nendeni siku moja kabla mwelekezwe. Anayeuguza awaonyeshe jinsi anavyomgeuza, dawa zipi na saa ngapi, anapenda nini na anachukia nini.
3. Mgonjwa wa kiharusi asilishwe akiwa amelala chali. Mwinueni akae, mpeni kijiko kidogo kidogo, mngojeni ameze. Akikohoa kila akimeza, acheni na mwiteni mwenye nyumba. Chakula kinaweza kuingia njia ya hewa.
4. Msibadilishe dawa, msilete mitishamba, msimwombee kwa kelele kama hakuomba.
5. Ongeeni naye hata kama hajibu. Wengi waliopoteza usemi wanaelewa kila neno, na wanasikia mnavyowajadili juu ya vichwa vyao.
6. Namba ya simu ya anayeuguza iwe mkononi, na ya jirani mwenye usafiri pia.

Kosa linalojitokeza mara nyingi ni la Jumapili ya tatu. Ya kwanza wanajitokeza watu sita, ya pili wawili, ya tatu kuna kikao cha harusi. Anayeuguza ameshavaa na kanga yake ya kanisani, anachungulia mlangoni hadi saa nne, kisha anavua. Ni afadhali msingeanza. Andikeni majina ya zamu zote nne kabla ya Jumapili ya kwanza, na kila zamu iwe na mtu wa akiba.

## «Sisi wenyewe hatuna»

Hii ndiyo hoja ninayoiheshimu zaidi, kwa sababu mara nyingi ni kweli. Desemba inakula mshahara kabla haujafika, nauli za kwenda Moshi au Bukoba zinapanda, na Januari inangoja mbele na mahitaji ya shule. Lakini angalieni watu walipomuuliza Yohane Mbatizaji wafanye nini, katika Luka sura ya 3, ambayo nayo husomwa Majilio. Kwa umati alisema mwenye kanzu mbili na mwenye chakula wagawane na asiye nacho. Kisha wakaja watoza ushuru, wakaambiwa wasitoze zaidi ya kiwango. Wakaja askari, wakaambiwa wasimnyang'anye mtu na watosheke na mshahara wao. Majibu mawili kati ya matatu hayahusu sadaka kabisa. Yanahusu kazi ya mtu na namna anavyoitumia juu ya walio chini yake.

Kwa hiyo, kabla ya kuchangia kikapu cha jumuiya, mwajiri Mkristo ajiulize kuhusu dada wa kazi nyumbani kwake. Je, mshahara wa Novemba ameupata? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo kwa mwaka, naye ni mfanyakazi kama wengine. Yuko anayepeleka mchele kwa wajane huku msichana aliyempikia mwaka mzima akiambiwa nauli ya kwenda kwao itaangaliwa baada ya sikukuu. Mfanyabiashara ajiulize kuhusu mizani yake, mwenye nyumba kuhusu kodi aliyoipandisha Desemba, karani kuhusu faili linalokaa mezani mpaka liwekewe kitu. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji fedha ya ziada.

Asiye na senti na mwenye afya ana kitu kingine: damu. Wachangiaji wengi wa Mpango wa Taifa wa Damu Salama ni wanafunzi wa sekondari, na Desemba shule zimefungwa wakati ambapo barabara zina ajali. Mwenye umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50 anaweza kwenda kupimwa. Mwanamume huchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Jumuiya ya watu kumi ikienda pamoja asubuhi moja, imefanya kitu ambacho hakuna kiroba cha mchele kingefanya.

## «Watazoea», «Si wa dini yetu»

Anayesema watu watazoea kusaidiwa ana hofu halali, ila huielekeza mahali pasipo pake. Mgonjwa wa kiharusi hatazoea kuuguzwa. Anayezoea ni kijana mwenye nguvu anayepewa fedha taslimu bila mazungumzo, na kwake suluhisho ni kumuuliza ni chombo gani cha kazi anachokosa na kununua hicho, au kumuunganisha na fundi, mkiwa mmekubaliana mwanzoni msaada utaishia lini. Tofauti hiyo isipowekwa, hofu ya kijana mmoja mvivu huwanyima vikongwe kumi.

Kuhusu jirani Mwislamu, au Mkristo wa dhehebu jingine, sioni cha kujadili kirefu: Msamaria wa kwenye mfano hakumuuliza majeruhi anasali wapi. Benedikto wa 16, katika barua yake ya mwaka 2005 juu ya upendo, alisema wazi kwamba huduma ya upendo isitumiwe kama njia ya kuwavutia watu kwenye dini. Basi msifunge vipeperushi ndani ya mfuko wa sukari. Na kwa heshima, mpelekeeni jirani Mwislamu mchele, mafuta na sukari badala ya kuku mliyemchinja wenyewe.

## Wiki ya nne, halafu Januari

Wiki ya nne msianzishe kitu kipya. Kila mtu anasafiri, bei zimepanda, na ahadi inayotolewa Desemba 22 huvunjwa Desemba 23. Kamilisheni mlichoanza, na mkaeni na yule mtu mpange mwezi unaofuata. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali ilifutwa kuanzia 2016, lakini sare, viatu, madaftari, godoro la bweni na michango ya chakula vipo pale pale, na bibi yule wa wajukuu wanne atavihitaji wiki ya pili ya Januari, wakati jumuiya nzima haina kitu mfukoni. Kwa hiyo nunueni sare Desemba, mkipimisha mtoto kwanza. Shati kubwa mno litavaliwa na aibu mwaka mzima.

## Fedha na siri

Swali la mwisho ambalo hurudi kila mara: Yesu alisema mkono wa kushoto usijue linalofanywa na wa kuume, sasa mbona mnataka risiti? Mathayo 6 inamhusu mtoaji anayetaka kusifiwa. Haimhusu mweka hazina. Paulo alipokusanya mchango kwa ajili ya Wakristo wa Yerusalemu, aliwaeleza Wakorintho katika waraka wa pili, sura ya 8, kwamba anasafiri na wenzake walioteuliwa na makanisa ili mtu asije akamlaumu kuhusu fedha ile nyingi. Kinachofichwa ni jina la aliyetoa na jina la aliyepokea; hesabu haifichwi.

Kwa vitendo ina maana hii. Orodha ya nani alitoa shilingi ngapi isisomwe wala kubandikwa mlangoni, hata kama ndiyo njia iliyozoeleka ya kuwasukuma wazito. Lipeni moja kwa moja dukani, hospitalini au kwa fundi wa sare, kuliko kupitisha fedha kwenye simu ya mtu mmoja. Aliyepokea asiitwe mbele kutoa shukrani. Risiti zishikwe na watu wawili, na hesabu isomwe kwenye kikao cha kwanza cha Januari kwa kiasi na matumizi bila majina, hata kama jumla yake ni shilingi elfu arobaini.